Kiapo Tulichomwapia Muhidini

Risala ya wakwezi na wafuaji nazi wa shamba la Kirongwe, kisiwani Mafia, mbele ya Bwana Daktari Mkuu wa Serikali, siku ya kuchanja ndui, mwezi wa Shaaban 1329, ndio mwaka 1911 kwa hesabu yenu.

KARIBISHO

Mgeni rasmi, Bwana Daktari Mkuu. Nawe Bwana msimamizi wetu, Hamoud bin Sleyum. Wazee wa Kirongwe, na mama zetu mlio upande wa banda: tunawaamkia nyote kwa heshima.

Sisi ni wakwezi wanaume kumi na wanane, na wanawake ishirini na wawili wanaofua nazi na kupasua mbata, ile nazi ya kukaushwa. Karibu kwetu, Bwana. Tumefagia tangu juzi, madafu yako yapo kivulini, na leo watu wametoa mikono wachanjwe bila kukimbilia mikokoni kama walivyofanya mwaka ule wa ndui.

Risala hii ilikuwa isomwe na mwalimu wa chuo cha Kurani. Alipoisikia yote alisema, "Mimi nina watoto saba," akairudisha. Hatumlaumu. Basi anaisoma Mwanasiti binti Hemedi, mpasua mbata, aliyejifunza kuandika hukohuko chuoni. Yeye ni mke wa mtu atakayetajwa humu, lakini maneno ni ya wote. Yamesomwa mara tatu bandani, na kila aliyetaka neno litolewe, lilitolewa. Ukiona sifa ni chache, ujue wengi walitaka zitolewe.

KAZI YETU NA DESTURI YAKE

Minazi hii ilipandwa na babu zetu, na baadhi yao hawakuulizwa kama wanataka kupanda. Sisi tumeikuta mirefu. Kila mkwezi ana safu yake, na kila mnazi katika safu una jina. Safu ndiyo heshima ya mkwezi. Akinyang'anywa, hukaa chini na kuwa mtu wa kubeba makumbi ya nazi.

Mkwezi akiwa juu, kabla hajaangusha nazi, lazima apige kelele watu walio chini wapishe. Kila mmoja ana kelele yake. Muhidini bin Ussi, ambaye ndiye habari yetu, alikuwa akisema, "Waliooa wapishe. Wasiooa simameni papo hapo, hakuna atakayelia." Chiku, mfuaji wetu, ambaye hajaolewa, humjibu, "Shuka basi unioe, nipate ruhusa ya kukimbia." Huyo ndiye Muhidini tuliyekuwa naye: mpole, mcheshi kwa kiasi, mtu wa kuangusha macho mbele ya wakwe. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kumrushia mtu nazi wala neno.

Mwaka jana, mwezi wa Mfungo Tatu, siku ya nne baada ya Idi Kubwa, alishika kuti bovu. Alianguka, akagonga kichwa kwenye gogo. Hakuvunjika mkono wala mguu. Alilala bila fahamu hadi adhuhuri. Alipozinduka aliomba maji, akainuka, akaenda nyumbani kwa miguu yake. Siku tatu alitokwa na maji mepesi puani, upande mmoja. Tukasema ni mafua ya kulala chini kwenye umande. Hapo Bwana Daktari pengine umeshatikisa kichwa. Sisi hatukuwa na wa kututikisia.

Tuna desturi. Mkwezi aliyeanguka, siku ya saba hukalishwa chini ya mnazi uleule. Huulizwa jina lake, jina la mama yake, kisha huitaja minazi ya safu yake mmoja mmoja. Akiitaja sawa, wenzake huweka mikono juu ya shina na kuapa mbele ya msimamizi, "Huyu ni mzima kama sisi." Bila kiapo hicho safu yake hupewa mtu mwingine jioni ileile. Desturi hii ilitungwa ili tulindane. Lakini hakuna aliyewahi kuapa kwamba mwenzake si mzima. Nani angefanya hivyo.

Muhidini aliitaja minazi yake yote kumi na saba bila kukosa. Alipofika mwisho akaanza tena wa kwanza. Akamaliza, akaanza tena. Mzee Iddi, mkubwa wa wakwezi, akamwambia, "Tumesikia, baba, inatosha." Akaanza mara ya nne. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, tukidhani anatufanyia mzaha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha. Tukaweka mikono, tukaapa.

TULIYOYAONA BAADA YA KIAPO

Wiki ya pili aliangusha nazi bila kupiga kelele. Ilimpita Chiku sikioni. Chiku akamwuliza, "We Muhidini, leo hakuna aliyeolewa?" Akamtazama kama mtu anayetazama ukuta. Tukamshusha, tukamwambia apumzike. Akamtukana Mzee Iddi tusi ambalo halitaandikwa.

Akawa hasira zinamjia bila sababu na kumwondoka bila kuombwa. Alicheka kwenye maziko ya shangazi yake. Alilia kuku alipochinjwa. Alitumwa maji akakutwa amesimama kisimani, ndoo mkononi, hajui amefuata nini. Mama mkwe wake, Somoe, alipomtembelea, alimwambia mbele ya watu kwamba ana miguu ya kaa. Somoe alijitanda kanga yake, akatoka. Alipofika nje alimwambia binti yake, "Yule si mkwe wangu. Mwili wa mkwe wangu umeazimwa."

Basi tukamtafuta aliyeuazima. Tulimpunga pepo siku saba kwa ngoma na uvumba. Tulimnywesha kombe, maandiko ya Kurani yaliyooshwa kwa maji. Wapo waliosema amefanyiwa uchawi, wapo waliosema ni bangi, na wapo waliosema mkewe hamtii. Mkewe akawa anamtazama.

Kwa kumtazama huko akaona jambo la harufu. Muhidini alikula samaki aliyevunda, akamsifu mpishi. Mkewe akamfumba macho kwa kitambaa, akamletea puani kahawa, kisha ubani, kisha dagaa wabichi. Kila mara alisema, "Hakuna kitu." Akamchomea pilipili. Machozi yalimtoka na chafya ikamjia, lakini harufu akasema hana. Hapo tulijua kuwa pua inafanya kazi na kilichokatika kiko nyuma yake, ndani ya kichwa. Pepo gani huyo, anayeondoka na harufu ya kahawa akaacha ukali wa pilipili?

Tukaanza kukumbuka wengine. Bi Bimkubwa wa hapa Kirongwe, siku mdomo ulipokwenda upande na mkono wa kulia ukalala, majina yote yalimtoka. Humwita hata mwanawe "sufuria", na hulia akijua amekosea. Hakuna aliyempiga. Hafidha, naye wa hapahapa, alishikwa na homa kali siku kumi, akainuka akiwa mtu mwingine, anaficha chakula na kuwaogopa dada zake. Hakuna aliyemfunga. Hao walionekana wakiugua, basi wakahurumiwa. Muhidini aliugua mahali pasipoonekana, tena sisi tulikuwa tumeshaapa kwamba hapana kitu.

Sisi wafuaji, ambao hatukuwekwa kwenye kiapo kwa kuwa ni wanawake, hili tunalijua kwa kazi yetu. Nazi iliyoanguka vibaya huwa na kumbi zima, na ndani kifuu kimepasuka, maji yamevuja. Haitazamwi kwa nje. Huchukuliwa mkononi ikatikiswa. Muhidini hakuna aliyemtikisa.

MASHAKA YETU

Mwezi wa Mfungo Tisa, miezi sita baada ya kuanguka, msimamizi alimwondoa kwenye kukwea, akampa kazi aliyoiita nyepesi: kulinda moto wa tanuri ya mbata. Mkewe alikwenda kumwambia, "Bwana Hamoud, mtu huyu hasikii harufu, usimpe moto." Akajibiwa, "Mama, moto hautazamwi kwa pua."

Mbata iliungua tanuri nzima. Muhidini alikutwa amekaa hatua tatu tu kutoka hapo, anasuka ukili wa mkeka. Maswali ya msimamizi yalikuwa haya, na sote tuliyasikia.

"Hukusikia harufu?"

"Sikusikia."

"Moshi umefika msikitini, watu wamekatisha udhu, wewe peke yako hukusikia?"

Muhidini akacheka. Humjia tu kicheko hicho, Bwana, na akianza hawezi kukirudisha.

"Unanicheka mimi?" Kisha msimamizi akageuka. "Mzee Iddi. Mtu huyu uliapa ni mzima au hukuapa?"

Mzee Iddi akasema, "Niliapa."

"Basi mtu mzima aliyeona moto akauacha amechoma kusudi. Mmesema wenyewe."

Shauri likapelekwa mbele, bomani kwa serikali, likakatwa kwa kiapo chetu. Akaletwa msaidizi wa dawa amtazame. Alimwambia toa ulimi, akautoa. Akambonyeza tumbo. Akamwambia tembea, akatembea. Akaandika, na tuliandikiwa nakala: "Mwili mzima. Ana kiburi." Kichwa hakukigusa. Tunalirudia kwa kuwa limetukaa kooni: mtu aliyeanguka kwa kichwa alitazamwa ulimi, tumbo na miguu.

Amehukumiwa viboko hamsini, nusu kwa nusu. Ishirini na vitano ameshapigwa. Alipokuwa akipigwa alilia, kisha akaitaja minazi yake, wa kwanza hadi wa kumi na saba, na akaanza tena. Safari hiyo hakuna aliyecheka. Vilivyobaki ni Jumatatu, kwa kuwa mgongo umeonekana umekauka. Baada ya hapo apelekwe kwa minyororo hadi jela ya bara, akafundishwe adabu. Tunauliza, tena tunauliza kwa sauti: kiboko kinamfikishia nani adabu, ikiwa penye adabu ndipo palipogongwa?

Hatusemi kosa ni la msimamizi peke yake. Sisi tuliapa. Tuliapa tumlinde, na kiapo chetu ndicho kamba aliyofungwa nayo. Tangu siku ile Mzee Iddi hajakwea. Amekaa nyumbani, na akisemeshwa hujibu, "Mwulizeni mzima yule."

TUNAYOYATAKA

Tumeambiwa tuseme "tunaomba". Tutasema tunaomba, Bwana, lakini utusikie kama watu wanaotaka.

Tunakitengua kiapo chetu, mbele yako na mbele ya msimamizi. Tuliapa tusilolijua. Kama kutengua ni uongo na uongo una viboko, sisi ni kumi na wanane, vile ishirini na vitano vigawanywe kwetu. Vitabaki hata vya kuongeza. Mzee Iddi ameomba apewe vyake kwanza, na sisi tulikataa lisiandikwe, naye akasema lisipoandikwa atalisema mwenyewe, basi tumeliandika.

Tunaomba mkwezi akianguka kwa kichwa asipimwe kwa majina ya minazi. Yale ya zamani hubaki, kinachopotea ni cha leo. Aulizwe alikula nini asubuhi. Akae siku arubaini bila kupoteza safu, na watu wa nyumbani kwake waulizwe: huyu ndiye mliyekuwa naye? Mke angeulizwa, mbata ile isingeungua.

Tunaomba asipelekwe jela, wala nyumba ya kufungia wendawazimu. Hapa tumeshajifunza kuishi naye. Chiku humwambia la kufanya, moja moja, naye hufanya. Anabeba maji akiwa na mtu. Moto hapewi. Akitukana, tunapita. Siku nyingine saa nzima huwa yule wa zamani, na saa hiyo mkewe haibadilishi kwa kitu. Mimi ndiye mkewe, na neno hili nimeliongeza sasa hivi, halikuwamo.

Na la mwisho ni la leo, kwa sababu kesho jahazi lako linaondoka, na Jumatatu haina daktari. Umeamuru kila mtu achanjwe, hata aliye kifungoni, basi Muhidini ameletwa. Ni yule kwenye mkeka wa tatu, mwenye mnyororo mguuni. Hatutaki jibu la maneno wala ahadi ya barua. Maneno yetu yameshapelekwa mbele mara nne, hayakurudi. Tunataka uinuke kwenye kiti, uende mpaka pale, uweke kidole juu ya jicho lake la kulia, ndani ya nywele, pale mfupa ulipobonyea. Kidole kinaingia hadi kwenye ukucha. Akikucheka, usione vibaya. Ukishapagusa, uandike ulichokigusa kwa mkono wako, na msimamizi akiwa anakuona.

Tumemaliza. Tunanyamaza wote, ili upate kupita.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona na afya ya kurejea kwako salama. Amjaalie kila aliyegongwa mahali pasipoonekana apate mtu wa kumgusa.

Ni sisi,
Wakwezi na Wafuaji Nazi wa shamba la Kirongwe, Mafia.