Ulimi wa Mama Birika na Bakuli Tatu za Nyanya

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu. Hapo tunakaa wanne: Wembe, kinyozi wa mlango wa tatu; Dada Sindano, fundi cherehani; Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini na sasa anaendesha mdomo; na mimi, Gundi, mshona viatu. Wa tano ni Mama Birika, aliyetuuzia kahawa hapa hapa mpaka ugonjwa ulipomlaza. Amepona, Mungu ashukuriwe, ila dawa kali zilimwachia ulimi usiojua kitu. Chumvi, sukari, pilipili, vyote kwake karatasi. Juzi akatuma neno kwamba hawezi kuwauzia watu kahawa asiyoijua ladha, na ulimi usiporudi ataliuza birika. Akaongeza ombi: mlangoni kwake kuna ndoo moja inayopata jua, tumchagulie mche mmoja wa zile nyanya ndogo za rangi ya waridi, ule wenye ladha kuliko yote, huenda ukamwamsha ulimi. Nyuma ya kibanda changu wenzangu walikuwa wamepanda aina tatu, kila mtu na mbegu zake. Basi leo asubuhi nikachuma, nikapanga bakuli tatu juu ya benchi, na mwenyewe alikuwa njiani anakuja.

— Hizi ndefu ndefu ni zangu, — Wembe alisema hata hajakaa. — Nimezijua kwa sura.

— Umezijua kwa utamu, — Dada Sindano akamjibu. — Umeshakula nne nimekuona. Hizo ni zangu mimi.

— Zako si hizi za mviringo?

— Na za mviringo pia zinafanana na mkono wangu.

— Aa, dada, mbegu ulileta aina moja!

Breki akaonja ya mviringo, akafumba macho. Ilikuwa tamu, sikatai. Akatangaza kwamba hiyo ni yake, mbegu alipewa na dereva mwenzake, na ushahidi upo tumboni. Ikabaki bakuli ya tatu, nyanya za waridi iliyokolea, mabega ya kijani kidogo. Wembe akauma moja. Jicho moja likajifumba lenyewe.

— Hii chachu! Nani kapanda hii?

Ghafla kila mtu akawa na shughuli na kikombe chake cha chai.

— Gundi, — Dada Sindano akanigeukia, — si uliweka vikaratasi vyenye majina kwenye miche?

— Niliweka.

— Viko wapi?

Hapo ilinibidi niseme kweli. Nilitumia vile vikaratasi vigumu ninavyofunga kwenye viatu vya wateja. Wiki ile shule zilipokaribia kufunguliwa viatu vilijaa mpaka mlangoni, vikaratasi vikaniishia. Nikaenda nyuma, nikafungua vile vitatu vya kwenye miche, nikavifunga kwenye viatu.

— Yaani kuna mtu kavaa viatu vinaitwa Breki? — Wembe akauliza.

— Hakuvaa na jina. Lakini jozi ya mwalimu mmoja ilikaa hapa wiki nzima ikiitwa Sindano.

Walicheka mpaka Breki akamwaga chai. Mimi nilicheka nusu, kwa sababu kosa lilikuwa langu na mgonjwa alikuwa anakuja kwa miguu yake.

— Tusigombane, — Wembe akasema. — Tuchague kwa akili. Nyanya ni kichwa. Mimi miche yote nimeinyoa majani ya chini, hewa ipite. Ndiyo maana zina rangi hii. Zimeona aibu.

— Aibu ya nini?

— Ya kuonekana uchi. Zingekuwa na majani zingekuwa nyekundu kama zingine.

— Acha kutupiga kamba, — Dada Sindano akasema. — Waridi ni nyekundu ambayo rangi haijashika vizuri. Kama kitambaa. Ukiiosha inapauka zaidi.

Nikawaambia ninachojua: nyama yake ni nyekundu tu, ila ganda halina ule umanjano wa nyanya za kawaida, basi jicho linaona waridi. Na ganda lenyewe jembamba. Mvua ikinyesha kwa ghafla baada ya ukame, hupasuka.

— Ndiyo wahenga wakasema, — Breki akadakia, — asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Nyanya ina guu, Breki?

— Ina shina. Usinikatize. Utamu unatoka kwenye mtikisiko. Lori likipita barabara ya huku nyuma, ardhi inatetemeka, sukari inapanda juu. Mche wangu ulikuwa upande wa barabara.

— Miche yote ilikuwa upande wa barabara!

— Basi yote ni yangu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Utamu unatoka kwenye kubana maji zikianza kuiva, — nikasema, — na kuziacha ziivie kwenye mche.

— Na tabia, — Dada Sindano akaongeza, kwa uso wa mtu anayetoa siri. — Nyanya huchukua tabia ya aliyepanda. Mkali huotesha kali. Kwa hiyo, bakuli hiyo ya tatu tusiulizane sana, tunamjua.

Alimtazama Breki. Breki akamtazama Wembe. Wembe akanitazama mimi, ambaye sikupanda kitu.

— Vyovyote, — Wembe akasema, — hiyo chachu tuifiche chini ya benchi. Mgonjwa hapewi kitu cha kumkunja uso.

Hakuwahi. Mama Birika alishafika, ameshikwa mkono na bintiye, amepungua mpaka kanga imemzunguka mara mbili. Tulisimama wote. Breki akavua kofia, jambo ambalo sijawahi kuliona.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu. Kaeni, mnanitia hofu.

Akakaa katikati yetu. Dada Sindano akamfutia nyanya ndefu, akampa. Akatafuna polepole, sote tunamtazama mdomo.

— Maji matupu, — akasema.

Wembe akainamisha kichwa. Breki akampa ya mviringo. Mama Birika akatafuna, akameza.

— Najua ni tamu, — akasema. — Naona machoni penu. Lakini mimi sipati ladha yoyote.

Bintiye akageukia upande wa pili. Nami nilijua birika linakwenda kuuzwa. Mama Birika mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono kwenye bakuli ya tatu, ile tuliyotaka kuificha, akatupia moja mdomoni kama mtu anayemaliza kazi aliyoahidi.

Uso ukamkunjika. Jicho likajifumba. Mabega yakapanda mpaka masikioni.

— Chachu! — akapiga kelele. — Yesu na Maria, chachu!

Akachukua nyingine, akauma, akakunja uso tena, na machozi yakawa yanamtoka huku anacheka.

— Na nyuma yake kuna utamu. Mdogo, huko mwisho kabisa. Mwanangu, naupata! Naupata!

Bintiye akamkumbatia pale pale kwenye benchi. Wembe alikuwa analia waziwazi, kinyozi mzima. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti, sikujali wapita njia.

— Ndio mche wa ndoo yangu huu, — Mama Birika akasema, akijifuta kwa ncha ya kanga. — Haya, nani aliyeupanda, nimshike mkono?

Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyejua, na kwa mara ya kwanza tangu benchi hilo liwepo, hakuna aliyejifanya anajua. Basi akatushika mikono mmoja mmoja, sote wanne, hata mimi.