Rangi za Duka la Mwanza

Benchi letu hapa Woolwich, ughaibuni, linatazamana na duka kuukuu la orofa nne, lenye kuba juu kama sufuria iliyofunikwa, na sura za watu zimechongwa ukutani. Chini anauza vitambaa Darshan, tunayemwita Mwanza kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Mimi huleta kahawa ya tangawizi. Huja pia Injinia, Mkongo anayefagia ofisi za mainjinia, na Meja, mlinzi wa maegesho. Siku hiyo ya mwaka tisini na saba tulimsubiri mtu wa halmashauri. Akiona jengo ni la kale hasa, litabaki. Akiona si kitu, litavunjwa, Mwanza na vitambaa vyake nje.

— Hawavunji, akasema Meja. Kwenye kuba ndiko tajiri alikokaa kuwachungulia wazembe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Mvunguni na kuba wapi na wapi, Meja? nikamuuliza.

— Hapana, mama, akadakia Injinia. Ile iko ya kupumua. Nyumba nzito vile, isipotoa pumzi inapasuka. Na zile sura njo mafundi wenye walijenga. Kila mwenye alianguka, walimuchonga pale.

— Basi yule mwenye ndevu alianguka mara tatu, maana yupo mara tatu! akasema Meja.

Tukacheka, isipokuwa Mwanza.

— Bibi, wakinitoa niende wapi? Neasden, kwenye hekalu letu, kila kona ina Mhindi wake wa vitambaa.

— Kunywa kahawa, baba.

Mara akaja mtu wa halmashauri, binti mwenye kofia ngumu, Bhavini, mzaliwa wa Kisumu. Akagonga ukuta kwa kidole.

— Hamjambo wazee? Chini ya rangi hii kuna vigae vya zamani. Vikiwa vizima, jengo limepona. Vilikuwa rangi gani?

Kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, Mwanza hupaka rangi mpya, Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, asije akaupita mlango mchafu akaenda zake, na sisi ndio tunaomshikia ngazi. Tumeutazama ukuta ule miaka, hatuujui.

Mwanza akatoa ufunguo, akakwangua. Waridi.

— Hii ya harusi ya mwanangu Jaya.

Manjano.

— Hii Meja alimwaga ndoo.

Akakwangua mpaka kigae kikang'aa kijani, kama ndizi mbichi iliyolowa mvua.

— Vizima! akasema Bhavini. Duka linabaki, mzee. Ila kuanzia leo hakuna kupaka tena.

Mwanza akamshika mikono, machozi yanamtoka. Meja akakuna kichwa.

— Sasa Diwali, Lakshmi atajuaje tumemtengenezea mlango?

Bhavini, naye mtoto wa dini hiyohiyo, akavua kofia, akautazama mlango. Nikamsogezea kikombe, akakaa nasi.