Nyama Iliyobaki Sufuriani

Ndugu zangu, mama zangu, karibuni katika boma langu. Naona wengi wenu mmekaa kule karibu na lango, na viti vya huku mbele viko vitupu. Sijakasirika. Mchungaji aliposema kwamba zamu ya maombi ya nyumbani imefika kwangu, mke wangu alilia, kwa sababu tangu tumzike mama yangu hakuna mkutano uliokaa kwenye nyasi hizi. Basi kaeni huko huko langoni, mradi mnanisikia.

Mnanijua kama mbunge wa zamani. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa lori. Nilinunua samaki Kendu Bay, nikawauza Kisumu, na jioni lori likarudi Katito tupu. Siku moja, uhuru ukiwa bado mbichi, jirani alifiwa na ndugu yake hospitali ya Kisumu na hakuwa na usafiri. Nikambebea mwili bure. Wiki iliyofuata akaja mwingine. Wafu wa Nyakach walisafiri nami wakinuka samaki, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Wazee wakaanza kusema, "Huyu ndiye mtu wetu." Wahenga walisema tenda wema uende zako. Mimi nilitenda wema, kisha nikasimama pale pale kungojea kura. Mkanipa. Mlinibeba mabegani kutoka sokoni Pap Onditi mpaka hapa kwa mama yangu, na wengine walionibeba nawaona leo. Mama alisema neno moja tu: "Mteremsheni, ana miguu."

Nairobi ikanifundisha suti na kukaa kiti cha nyuma. Kisumu nikafungua baa, na lori likaacha samaki na wafu, likaanza kubeba kreti za bia. Ndipo mama mmoja mzee akaja ofisini kwangu huko Kisumu. Simtaji jina. Alikuwa amevua viatu akavishika mkononi, asichafue sakafu yangu. Binti yake alikuwa amefariki hospitali asubuhi ile.

"Mheshimiwa, nisaidie na ile lori," akasema. "Nataka kupeleka mtoto yangu nyumbani."

"Mama, lori iko na kazi. Andika barua, upatie sekretari."

"Mimi sijui kuandika, baba."

"Basi tafuta mtu akuandikie."

Nilisema hivyo nikiwa nimeshiba, ndugu zangu, na sikuinua hata macho. Nilimsikia akishuka ngazi. Binti yake alisafiri juu ya basi, kwenye keria, katikati ya magunia na kuku, na kuanzia Ahero mvua ikamnyeshea mpaka Katito.

Uchaguzi uliofuata sikushindwa, nilifagiwa. Baa ikafungwa, lori likauzwa, nikarudi hapa nikajifungia ndani nikiwatukana ninyi wote kuwa hamna shukrani. Siku nyingine bado nawatukana, Mungu anisamehe. Mama yangu ndiye aliyekuwa akinipikia. Mwaka haujaisha, naye akafa.

Mlikuja. Lazima niseme ukweli, mlikuja. Mlichimba kaburi, mkaimba, mkamzika vizuri. Nilikuwa nimechinja ng'ombe wawili. Tulipomaliza kurudisha udongo mkanawa mikono, mkachukua kofia zenu, mkaondoka mmoja mmoja bila ugomvi. Ninyi mnajua na mimi najua maana ya watu kumzika mama wa mtu kisha kukataa chakula chake. Hata adui hula matangani. Mke wangu alisimama na mwiko mkononi, ugali unapoa, mbwa wanakusanyika. Nawaambia, heri mngenipiga.

Akabaki mtu mmoja, ameketi chini kando ya kaburi. Yule mama wa viatu.

"Nipe sahani," akasema.

Nikamwambia, "Mama, wewe? Wewe utakula kwangu?"

"Hii ng'ombe haikuwa mbunge. Leta nyama."

Akala taratibu, nami nimesimama mbele yake kama mtuhumiwa. Alipomaliza akanitazama. "Sikukuja kwako. Nilikuja kwa mama yako. Siku ile basi ilifika Katito, yeye ndiye alikuwa pale. Alifungua leso yake akapangusa mtoto yangu maji, akamfunika nayo. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Miezi yote ile aliniwekea chakula mezani, akanisikiliza nikiwatukana majirani, na hakuniambia. Nililia mbele ya mgeni, mtu mzima, na aibu ile siwezi kuipima. Yule mama hakunibembeleza. Alinawa mikono akasema, "Kesho wanazika mtu kule ng'ambo ya mto. Kuja na jembe. Usikuje na mdomo."

Nikaenda. Vijana wakanicheka: "Mheshimiwa, hapa tunachimba na jembe, sio hotuba." Nikachimba. Mazishi baada ya mazishi, mikono ikatoka malengelenge, ikapona, ikawa sugu. Hakuna aliyesema asante, na mara nyingi nilirudi nyumbani na uchungu mdomoni kama niliyetafuna mwarobaini. Nilikuwa nimebeba wafu wenu bure miaka mingapi, na bado mnanipita kama kisiki? Nilifikiri hivyo, sitaficha. Ilipita karibu mwaka mzima kabla mzee mmoja hajanimiminia maji ya kunawa na kusema, "Kula, omera." Aliniita ndugu. Nyama ile ilikuwa ngumu na haina chumvi. Nilikula yote.

Namshukuru mke wangu, ambaye angeweza kurudi kwao na hakurudi. Namshukuru mzee yule wa maji. Na yule mama namshukuru ingawa hanisikii. Tulimzika mwezi uliopita, mnajua, na kaburi lake nilikataa kupokezana jembe na mtu. Kama una uwezo, usingoje aliyefiwa akuletee barua. Hilo ndilo nililojifunza, na mama yangu aliondoka akinionea haya kabla sijalijua.

Sasa mke wangu amepika tangu asubuhi. Safari hii yule wa kuanza kula hayupo. Sitapita nikiwasihi, na atakayeondoka nitamsindikiza mpaka langoni bila neno. Maji ya kunawa yako hapo mlangoni, sahani ziko mezani. Hii ng'ombe pia haikuwa mbunge.