Mwalimu Aliyetangulia Kuamkia

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Epifania Bazilio. Alizaliwa Kasulu, na wiki mbili zilizopita, mwaka huu wa 2015, tulimzika Kasulu. Lakini kazi yake ilikuwa Murungu, Kibondo. Pale alifundisha chekechea. Pale alifundisha watoto adabu.

Wengi walimpenda. Valeria, mama wa mwanafunzi wake Careen, hakumpenda. Anasema mwenyewe, wala hafichi.

Mwaka 2013 Careen alikuwa na miaka minne. Akimwona mwalimu njiani, anatua kidumu chake cha maji, anapiga magoti, anapiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimiana: "Mwidiwe, Mwalimu!" Akifika nyumbani, anampita mama yake kimya na kuuliza chakula kiko wapi. Wivu ukamkaba Valeria. Nizae mimi, nibebe mimi, heshima apewe mwingine?

Akamtoa mtoto chekechea. Akasema adabu atamfundisha mwenyewe, kwa fimbo. Mwezi ukaisha. Careen hamsalimii mama, hamsalimii jirani, hamsalimii mtu.

Valeria akaenda shuleni, amejaa maneno mdomoni. Akamkuta Epifania amechuchumaa mlangoni, anawaamkia watoto mmoja mmoja. Mtu mzima ndiye anayeanza!

"Eh, Mwalimu! Mkubwa anamwamkia mdogo? Umeona wapi?"

"Mama Careen, wewe nyumbani humsalimu?"

"Mimi? Si yeye ndiye mdogo? Aanze yeye!"

"Ataanzaje, naye hajasalimiwa hata siku moja?"

Careen akarudi chekechea. Na mama, kwa aibu, akawa anamwamkia binti yake jikoni kila asubuhi, akichungulia kwanza kama majirani hawamwoni. Siku ya tisa mtoto akamtangulia.

Wivu ukaisha? Thubutu! Nilipomtembelea juzi, Valeria aliniambia hivi kuhusu mazishi: "Careen alilia mpaka sauti ikakauka. Namfuta machozi, huku roho inaniuma. Nikawa najiuliza, nikifa mimi, atalia hivi?"

Tunampa pole Mzee Nicodemus, kaka wa marehemu, na ukoo wote wa Kasulu. Poleni sana. Mungu ampumzishe mwalimu wetu.

Nawe unayenisikiliza, mwanao yuko hapo karibu, na leo hujamwambia neno ila kumtuma. Punguza redio kidogo. Mwamkie.