Mtu Asiyejua Kukataa

Ndani ya basi la mji wa Duluth, jimboni Minnesota, Marlys, bibi mwenye mifuko miwili ya viazi, alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, Ardis, jinsi wauaji wanaoua mtu baada ya mtu wanavyochagua windo. Shahada yake ni redio ya jikoni.

“Hawatafuti mrembo, shoga. Wanatafuta asiyejua kukataa.”

“Basi Minnesota nzima tumekwisha!”

“Wewe labda. Mimi hata simu ya nisiyemjua sipokei!”

Kituoni kwa Marlys, mimi niliyekaa nyuma yao nilishuka naye, nikajitolea kumbebea mifuko. Alikataa mara mbili, kama adabu ya kwetu inavyotaka. Mara ya tatu akanipa yote miwili. “Nyumba ile ya bluu, mwanangu. Naishi peke yangu.”

Basi liliondoka, Ardis akigonga dirisha kwa ngumi zote mbili.