Fundi na Mikono ya Kushoto

Basi la asubuhi lilikuwa na nafasi, nami nilikaa nyuma ya fundi cherehani na muuza mboga aliyekuwa anakwenda sokoni. Hawakuwa wakijuana. Fundi alikuwa anafumua shati la shule.

"Ona mambo haya. Shati hili nimelitia mikono yote ya kushoto, na lile yote ya kulia. Miaka ishirini ya kushona, sijawahi!"

"Maskini, huyo wa kushoto atakula kwa mkono gani?"

Fundi alicheka, kisha akanong'ona kwamba ana uvimbe kwenye titi na leo anafuata majibu ya kipimo. Masikio yangu ni mazee, lakini kwa minong'ono bado mazima.

"Nisiposhona, moyo hautulii," alisema.

"Mumeo anajua?"

"Nimwambie nini, na majibu bado?"

"Mwambie unaogopa. Hilo halisubiri maabara."

"Ili tukose usingizi wawili?"

"Ndiyo! Dada yangu, mficha maradhi…" Muuza mboga akajing'ata ulimi. Sote tunajua methali ile inamalizika kwa kifo.

"Malizia tu," fundi alisema.

"Mficha maradhi… hukalishwa karibu na mbea kama mimi."

Fundi alicheka mpaka akafuta machozi kwa shati la watu. "Asante, dada. Tangu Jumatatu sijacheka. Lakini simwambii."

"Utamwambia."

"Simwambii!"

Muuza mboga akachukua shati la pili, akaanza kufumua kwa kucha.

Basi liliposimama hospitali walishuka wote wawili, bado wanabishana, kila mmoja na shati lake. Nikamshukuru Mungu, maana soko lilikuwa vituo vitatu mbele.