Uji wa Mama Mkwe: Maisha ya Idah Kahonzi Kombe, 1943–1988

Yamesomwa na wifi yake, Harusi Kitsao, nyumbani kwa marehemu, Kakuyuni, Jumamosi tarehe 19 Machi 1988

Mchungaji, wazee wa kanisa, wazee wa mji, ndugu na majirani. Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 6 Juni 1943 huko Kaloleni, mtoto wa tatu wa Mzee Kombe Mwambire na Bi. Dama. Alibatizwa akiwa mchanga. Jina la Idah alipewa na mkunga wa misheni aliyempokea, na mpaka leo kwao halijazoeleka. Wao humwita Kahonzi tu. Mzee Kombe alikuwa mgema, na kanisa lilipokea sadaka yake kila Jumapili bila kuuliza imetoka mnazi gani.

Marehemu alisoma shule ya misheni palepale Kaloleni, akamaliza darasa la nane mwaka 1958. Walimu walimkumbuka kwa maswali. Siku moja katika somo la dini aliuliza: kama Mungu alimpa Ayubu watoto wengine baada ya majaribu, wale wa kwanza walirudi lini? Mwalimu akamtuma maji. Alichota, akatua mtungi, akauliza tena.

Alifanya kazi ya kushona sare za shule mjini Malindi kwa miaka kadhaa, na mwaka 1967 akafungua chekechea katika kanisa letu hapa Kakuyuni. Vijana watakaobeba jeneza leo karibu wote walijifunzia kwake kuandika majina yao. Masikio yao nayo yanamkumbuka.

Alifunga ndoa na ndugu yangu, Garama Kitsao, karani wa kituo cha korosho, tarehe 17 Desemba 1966. Bwana harusi alikuwa na baiskeli, na mkewe hakukubali kubebwa nyuma kama gunia. Akajifunza kuiendesha mwenyewe. Siku ya kwanza alikwenda vizuri mpaka akakutana na mbuzi wa mama mkwe wake, akawakwepa, akaingia na baiskeli katikati ya shamba la mihogo. Mama mkwe huyo ni mama yangu mzazi, ambaye nyote mnamwita Hawe Kabibi, yaani Bibi Kabibi. Alimwinua, akampangusa vumbi, akamwambia, “Mwanangu, mihogo huku kwetu twang’oa kwa jembe.” Tangu siku ile wakapendana, nami wifi mtu nikakosa kazi, maana sikupata hata ugomvi mmoja wa kuupalilia.

Mungu aliwajalia watoto wanne: Kitsao, Kabibi aliyepewa jina la bibi yake, Mwambire, na Dama. Mwambire alifariki kwa surua mwezi wa Mei 1979, akiwa na miaka miwili. Kisha, Juni 1982, masika yakiwa bado hayajaisha, Kabibi naye akashikwa na homa iliyompanda kichwani. Garama alikuwa safarini Kilifi. Mama yangu ndiye aliyembeba somo yake mgongoni, kwenye matope, mpaka zahanati. Dawa zilikuwa zimekwisha. Mtoto alifariki njiani wakirudi, mgongoni mwa bibi yake, akiwa na miaka tisa.

Nitasema wazi yaliyotokea katika hanga la Kabibi, yaani matanga yake, kwa sababu marehemu aliniagiza niyaseme, na kwa sababu tangu Jumanne nasikia manong’ono yaleyale.

Upande mmoja walikaa baadhi ya wazee wa ukoo. Watoto wawili katika nyumba moja, walisema, si bure. Nani alikuwa naye mtoto? Bibi. Jina la mtoto ni la nani? La bibi. Basi bibi amemla somo yake. Wakapanga kwenda kwa mganga amtaje kuwa mchawi, na sote twajua mwanamke mzee akishatajwa huwa anangojwa na nini. Mama yangu alijifungia jikoni. Wageni walikuwa wameacha kula chochote kilichopita mkononi mwake.

Upande wa pili walikaa watu wa kanisa. Hao hawakumtaja mama. Mzee wa kanisa, Musembi, alisimama akatufariji kwa maneno tunayoyasema sote tukikosa mengine: kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Marehemu alikuwa amelala mkekani, uso ukutani. Akainuka, akakaa.

“Mzee Musembi,” akasema, “Yesu alipofika kwa akina Martha, ndugu yao kaburini, hakuwaambia kazi ya Baba yangu haina makosa. Alilia. Kama wewe huwezi kulia, kaa tu nasi.” Halafu akawageukia wazee wa ukoo. “Na nyinyi wazee wangu. Wale wanamsingizia Mungu, nyinyi mwamsingizia mama. Mwanangu ameuawa na homa. Mkono uliombeba ndio mnaotaka kuukata?”

Akaita jikoni, “Mama, naomba uji.”

Mama yangu alitoka na bakuli. Marehemu aliupokea kwa mikono miwili, akanywa mbele ya watu wote mpaka akamaliza, akaomba mwingine. Safari ya kwa mganga ikafa palepale. Ndiyo maana mama yangu yu hai, ameketi hapo mbele yenu, na mimi bado nina mama.

Watu hudhani mwenye maneno kama yale moyo wake umetulia. Haukutulia. Kwa muda mrefu marehemu alikuja kanisani, akaketi benchi la mwisho, karibu na mlango, wala hakuimba. Wengine walisema imani imemtoka. Mimi nilimwuliza kwa nini anakuja basi, maana nina mdomo na ni wifi. Akaniambia anakuja kumwuliza Mungu swali lake, na swali haliulizwi kwa kukaa nyumbani.

Mama yangu, ambaye hajabatizwa hadi leo, alianza kufuatana naye. Alisema hawezi kumwacha mkwe wake akagombane peke yake. Siku moja wakirudi kanisani alimwuliza, “Huyo Mungu wenu, akiulizwa hivi kila wiki hakasiriki?”

“Hajakasirika bado.”

“Amekujibu?”

“Hajanijibu, Mama. Lakini kila nikilia, naona hajatoka. Yupo, kama wewe.”

Baadaye akaanza kuimba tena, polepole, sauti ya pili. Hakutueleza kwamba amepata jibu, wala hatukumwuliza. Lakini tangu hapo hakuna hanga katika Kakuyuni, liwe la Wakristo, la Waislamu au la watu wa mila, ambalo hakufika mapema akashika moto wa jikoni ili wenye msiba wapate nafasi ya kulia. Kauli yake ilikuwa moja: asiye na la kusema aoshe vyombo. Mzee Musembi yupo hapa na ameniruhusu kusema kwamba siku hizi akienda msibani hupasua kuni kwanza.

Mwaka 1986 marehemu aligundua uvimbe katika titi. Alitibiwa Malindi, kisha Mombasa, akakatwa, akapata nafuu, na mwaka jana ugonjwa ukarudi kwenye mifupa. Alipata maumivu makali, nami sitayapamba. Kuna siku alimlilia Mungu kwa hasira, na kuna siku alitucheka sisi tuliokuwa tukimlilia. Mama yangu ndiye aliyemlisha, kijiko kwa kijiko. Alifariki Jumatatu tarehe 14 Machi 1988, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama mkwe wake. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Ameacha mume, Garama. Watoto, Kitsao na Dama. Wazazi, Mzee Kombe na Bi. Dama, ndugu zake wa Kaloleni, sisi mawifi na mashemeji, watoto wote wa chekechea, na mama mkwe wake, Hawe Kabibi. Wamemtangulia wanawe Mwambire na Kabibi, ambao leo analazwa kando yao. Kwamba atawaona tena, hilo aliliamini, na ndilo lililomtia hamu ya kwenda.

Wiki moja kabla hajafariki aliniita, akaniambia, “Wifi, watamtaja tena. Mtakaponizika, uji agawe Mama. Atakayeunywa, huyo ndiye aliyenizika.”

Kwa hiyo, tukitoka kaburini, hakuna atakayeondoka. Sufuria liko motoni, na atakayeshika upawa ni mama yangu. Wa kwanza kunywa ni mimi, wa pili ni Garama, wa tatu ni Mchungaji, ameshakubali. Wazee wangu wa ukoo, bakuli zenu nimeziosha kwa mkono wangu.

Idah, pumzika kwa amani, wifi yangu. Nasi twaja kunywa.